Friji Lililompiga Mama

Mama aliposema friji linampiga, nilicheka. Nilikuwa ndio kwanza narudi kutoka sokoni, nimeshona sare za kwaya kutwa nzima, mgongo unawaka moto, na jambo la mwisho nililotaka kusikia ni mashtaka dhidi ya friji. Nikamwambia friji halina mikono. Akanijibu taratibu, kama anavyomjibu mtoto, kwamba hata nyuki hana mikono.

Huyo ndiye mama yangu. Hapandishi sauti, na ukibishana naye unashindwa bila kujua umeshindwa saa ngapi. Mimi nimerithi miguu yake tu. Hasira nimeitoa kwingine.

Nyumba tuliyokuwamo ni yangu, hapa Kasulu, upande wa mteremko. Ni nyumba ya zamani yenye kuta nene za tofali za kuchoma na sakafu ya saruji nyekundu. Aliijenga mtumishi mmoja wa serikali enzi zile umeme wa mji ulikuwa wa jenereta, na mtu akiwa na taa na redio alijiona amefika. Nilipoinunua kwa mwanawe nilipita chumba hadi chumba nikizipapasa kuta kwa viganja kama mwendawazimu. Kwetu hakuna aliyewahi kununua nyumba. Wazazi wetu walivuka kutoka Burundi, mimi na kaka yangu tukazaliwa na kukulia kambini, na uraia tuliupata tukiwa watu wazima. Kwa hiyo naomba nisamehewe kuzipapasa kuta.

Mama hakuwa akiishi nami. Alikaa Kitahana, upande wa Kibondo, kwa kaka yangu mkubwa, aliyeoa huko na kulima shamba la wakwe zake. Masika yaliyopita alianguka shambani. Ilikuwa sukari. Hospitali wakasema achome sindano asubuhi na jioni, na dawa ikae kwenye ubaridi. Kaka hana friji, akaiweka dawa kwenye chungu chenye mchanga uliolowana maji, na si kwamba alikosea, hata wauguzi hufundisha hivyo. Lakini mama alianguka tena, na safari hiyo gari la kumkimbiza hospitali lilichelewa kupatikana. Nilikwenda kumchukua mwenyewe. Nikamwambia kaka kwamba kwangu kuna friji na hospitali ni mwendo wa mguu. Hakufurahi, maana ndiye mkubwa na ndiye mwanamume, lakini alikuwa ameogopa, akakubali.

Basi friji lile halikuwa pambo la sebule. Mlangoni mwake, kando ya mayai, ndimo zilimokaa dawa za mama. Na friji hilohilo ndilo lililokuwa likimpiga.

Mwanzoni hakuniambia. Niliona tu kwamba hachomi sindano mpaka nirudi. Jioni moja mteja alinichelewesha na gauni la harusi, nikarudi nikamkuta mama kainamia meza, midomo imemkauka, ulimi mzito. Nikamuuliza kwa nini hakuchukua dawa. Akasema alikuwa ananisubiri. Nilimgombeza, na baada ya kumgombeza nikalia jikoni. Siku iliyofuata ndipo aliposema habari ya kupigwa, nami, kama nilivyosema, nikacheka.

Nilikuwa na sababu. Mimi nalifungua friji lile mara ngapi kwa siku, na halijawahi hata kuninong'oneza. Wateja wanaokuja nyumbani kupimwa hujifungulia wenyewe wakanywa maji. Hakuna aliyepigwa. Mama naye aliyaona hayohayo, akatoa hukumu yake. Alisema nyumba inawajua wenyewe. Alisema watu huzoea, lakini kuna nyumba ambazo hazizoei watu, naye amekaa katika nchi za wenyewe muda mrefu, anajua mtu akikataliwa.

"Mwana wanje," akasema, yaani mwanangu, "mimi sina ugomvi na nyumba yako. Yenyewe ndiyo haitaki."

Halafu akampigia kaka simu. Nilimsikia uani akiongea Kirundi kwa sauti ya chini, na nilipotoka alikuwa amemaliza. Kaka angekuja Jumamosi kumchukua. Alisema hayo kama anavyosema mvua itanyesha, akaendelea kuchambua maharage.

Nilikasirika kiasi kwamba nilivunja sindano ya cherehani kesho yake, na kesho yake hiyohiyo ndipo Mungu aliponifunulia. Nilirudi nyumbani kabla ya saa sita kuchukua mkasi niliousahau. Sasa lazima niseme jambo kuhusu mama na sakafu. Mama haingii ndani na viatu. Kwake, anayekanyaga sakafu ya mtu kwa kandambili amemdharau mwenye nyumba, hata kama mwenye nyumba ni binti yake na binti mwenyewe anazurura humo na kandambili zake tangu asubuhi. Na sakafu lazima idekiwe. Sakafu ambayo haijamwagiwa maji, kwa mama, bado imelala. Basi siku hiyo sebule ilikuwa imedekiwa, inang'aa, nami nikakanyaga maji kwa haraka zangu, mkanda wa kandambili ukachomoka. Nikaitupa ile, nikaitupa na ya pili kwa hasira, nikaenda peku kwenye friji kunywa maji.

Likanipiga.

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Lilinishika kwenye vidole, likapanda hadi kwenye kiwiko, nikarusha mkono kama mtu aliyeokota kaa la moto. Nikasimama pale nikiutazama mkono wangu. Kisha nikafanya jambo ambalo mama, aliyekuwa mlango wa uani na ndoo yake, hulisimulia mpaka leo: nikalishika tena. Likanipiga tena. Nikaanza kucheka na kupiga makofi.

"Mama, limenipiga," nikasema. "Limenipiga na mimi."

Akanitazama kwa huruma. "Sasa limeanza na wewe," akasema.

Lakini mimi nilikuwa nimeelewa. Si nyumba iliyokuwa ikichagua watu. Sisi wote tulikuwa tumevaa mpira miguuni, na mama peke yake alikuwa na nyayo tupu juu ya saruji yenye maji. Heshima yake na usafi wake ndivyo vilivyokuwa vikimponza. Nilifurahi kupigwa kuliko nilivyowahi kufurahia kitu chochote mwaka ule. Kitu kinachokuchukia huna la kukifanya, lakini umeme una fundi.

Fundi niliyemwita alikulia kambini kama mimi, upande wa Wakongo, na Kiswahili chake bado kina vipande vya Kifaransa mfukoni. Ni mtu mnene, mwenye majivuno, anaimba akifanya kazi na anajisifu akipumzika. Alifika Alhamisi asubuhi, akavua shati, akafungua soketi ya kwanza, akaguna. Akafungua ya pili. Kisha akaniita kama polisi aliyepata kielelezo.

"Bon, mama, njoo uone. Hesabu matundu huku mbele."

"Matatu," nikasema.

"Sasa hesabu nyaya huku nyuma."

Zilikuwa mbili. Tundu la tatu, lile la juu, lilikuwa halina chochote nyuma yake. Akanieleza kwamba nyaya mbili ndizo zinazoleta umeme na kuurudisha, na wa tatu, ambao mafundi wanauita ethi, huwa unangoja tu. Umeme ukitoroka ndani ya friji au pasi ukakaa kwenye bati, huo waya wa tatu unauchukua na kuupeleka ardhini kabla haujampata mtu. Enzi za jenereta hawakuuweka, maana taa na redio hazikuuhitaji. Soketi za zamani zilikuwa na matundu mawili na kila mtu aliliona hilo. Aliyeniuzia nyumba akazing'oa, akabandika hizi nyeupe za kisasa ili zipendeze, bila kuongeza waya. Na mimi nilipokuja kununua ndizo nilizozisifia.

Nilimtukana muuzaji yule kwa lugha tatu. Katika mji huu lile tundu la juu watu wanalijua kwa kazi moja: unachomeka kijiti ili matundu ya chini yafunguke chaja iingie. Hata kwangu fundi alikuta kijiti kimekatikia ndani ya soketi ya chumbani. Miaka yote hiyo tundu limekaa ukutani likitoa ahadi ya uongo, na kijiti ndani yake.

"Kwa hiyo kuran, umeme wenyewe, inatoka, inazunguka kwenye bati la friji, inakosa njia," fundi akasema. "Bibi anakuja peku, anaipa njia."

"Na dawa yake ni nini?"

"Kuvunja kuta, kupitisha waya mpya."

Nikamwambia kwamba atakayeivunja ile nyumba atanivunja mimi kwanza. Tukabishana. Alisema mabomba yaliyomo ukutani ni ya zamani na membamba, waya wa tatu hautapita. Nikamwambia ajaribu. Akafunga waya mpya, ule wa kijani na njano, kwenye ncha ya waya wa zamani, akavuta upande wa pili, ukaja vizuri kisha ukakwama kwenye kona. Akauvuta kwa nguvu, uso ukamvimba. Nikashindwa kuvumilia. Mimi nimepitisha lastiki kwenye viuno vya sketi tangu nikiwa msichana, na lastiki haivutwi, inabembelezwa. Unaikunja kidogo, unairudisha nyuma, unaisukuma mbele, unaisikiliza. Nikaupaka waya sabuni ya kufulia, nikamwambia ashike ule upande na asivute mpaka nimwambie. Nikasukuma kidogo, nikarudisha, nikasukuma. Ukapita kona kwa mlio mdogo niliousikia kwenye vidole.

Fundi akajifuta jasho usoni. Kisha akasema hata yeye alikuwa anataka kufanya hivyohivyo. Nikamwachia. Hadi alasiri tulikuwa tumepitisha waya wa tatu nyumba nzima, yeye akivuta na mimi nikibembeleza, na hakuna tofali lililoguswa. Tukaacha soketi ya friji kuwa ya mwisho ili dawa za mama zisipate joto.

Kilichobaki ilikuwa fimbo ya shaba ya kuzika mbele ya nyumba, mahali ambapo waya huo ungeishia. Hapa ndipo nilipofanya kosa, na kosa lenyewe lilikuwa kusema ukweli. Fimbo niliipakia kwenye bodaboda kutoka dukani, na kwa kuwa ncha yake ni kali niliizungushia kitambaa kutoka kwenye mfuko wangu wa mabaki. Kitambaa kilikuwa chekundu. Kisha fundi akasema kiangazi udongo umekauka, haupokei umeme vizuri, tuweke mkaa na chumvi shimoni vishike unyevu. Nikaenda duka la jirani nikaagiza chumvi nyingi. Mwenye duka akauliza kama nina sherehe. Nikamwambia hapana, ni ya kufukia kwenye shimo mbele ya nyumba, pamoja na mkaa.

Anayeujua mkoa wetu ameshashika kichwa. Chumvi, mkaa, kitambaa chekundu, shimo mbele ya mlango, na jua linakaribia kuzama, maana fundi alikuwa amechelewa kula. Watu walipita njiani, wakasalimia kwa adabu nyingi kuliko kawaida, wakaongeza mwendo. Mimi nilikuwa nimeshika nyundo kubwa, nagongelea fimbo kwa zamu na fundi, na fundi anaimba kwa lugha ambayo wapita njia hawakuielewa.

Ijumaa hatukufanya kazi. Kulikuwa na msiba mtaani, na hapa msiba ukiwa jirani hakuna fundi wala mwenye nyumba, wote ni waombolezaji. Nilikwenda asubuhi nikatoa pole, nikarudi kwenye sare zangu. Mama alibaki na wanawake wenzake wa maombi, wakimenya ndizi. Lisemwalo lipo, kama halipo laja, na hilo lilikuwa limeshafika kabla ya sufuria ya kwanza kuchemka. Alirudi jioni, akakaa kizingitini, hakuingia.

"Umefukia nini mbele ya mlango?" akaniuliza.

Nikamweleza. Nilieleza vizuri kabisa, waya wa tatu, udongo, unyevu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Huko msibani wanasema ni zindiko," akasema. "Kwamba nyumba ilikuwa inapiga watu, ukaenda kwa mganga, akakupa vitu vya kufukia. Mimi nimewaambia mwanangu hafanyi hivyo. Wakanitajia vitu. Chumvi. Mkaa. Kitambaa. Nikainuka nikaja kukuuliza."

"Mama, ni umeme."

"Kupigwa nilivumilia. Kulala juu ya dawa ya mganga siwezi. Nimemkataa shetani nikiwa kambini, sina kitu, sitamkubali leo nikiwa na godoro."

Alilala humo kwa sababu hakuwa na pa kulala pengine, lakini alilala na nguo zake za safari. Mimi nilikaa kitandani nikiwa na uchungu ambao hasira haikuweza kuufunika. Nilimwona Kitahana, nikaona shamba, nikaona gari linalotafutwa. Niliomba kwa sauti ndogo, sikuomba maneno mazuri, niliomba tu asiondoke.

Jumamosi saa nne kaka akafika na gari la kukodi. Nyuma yake wakaja wanawake watatu wa kikundi cha maombi, wameongozwa na mama mmoja mrefu mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. Walisema wamekuja kumsindikiza mwenzao na kuiombea nyumba. Mizigo ya mama ilikuwa imeshapakiwa. Fundi naye alikuwa ndani, anafunga swichi kubwa mpya ukutani, ile inayojikata yenyewe umeme ukipotea njia.

Nilikwenda stoo nikachukua jembe, nikampa yule mama kiongozi.

"Chimba," nikamwambia. "Chimba wewe mwenyewe, uwaambie wenzako ulichokiona."

Kaka akaniita kwa sauti ya onyo, "Mdogo wangu." Sikumgeukia. Yule mama alinitazama, akalitazama jembe, na lazima nimpe haki yake, hakuwa mwoga. Aliomba, wenzake wakaitikia, akajifunga khanga kiunoni akachimba. Chumvi ikatoka imelowana. Mkaa ukatoka. Wanawake wakarudi nyuma. Kisha ikaonekana fimbo ya shaba, na kichwani mwake kibano kilichoshika waya wa kijani na njano.

"Na kitambaa chekundu?" akauliza, bado amelishika jembe.

Nikaingia ndani, nikatoka na mfuko wa mabaki, nikakivuta kile kitambaa nikakiweka begani kwake. Kilikuwa mabaki ya skafu za kwaya ya kanisa lao. Skafu yenyewe alikuwa ameivaa shingoni. Akaishika, akakishika na kitambaa, akavilinganisha. Mmoja wa wenzake akaziba mdomo kwa khanga, mabega yakamtikisika.

Baada ya hapo alichimba kwa udadisi, si kwa vita. Alifuata waya kwa kidole kutoka kwenye fimbo mpaka ukutani, akauona ukiingia, akavua viatu akaingia ndani kuutafuta ulikotokea, na sote tukamfuata, kaka akiwa wa mwisho. Akaukuta kwenye swichi kubwa. Fundi akamwonyesha unavyogawanyika kwenda kila soketi, akamfungulia soketi ya friji ambayo alikuwa ameimaliza asubuhi hiyo, akamwonyesha tundu la tatu likiwa na waya nyuma yake.

"Kama mfereji wa kuongoza maji ya mvua yasiingie ndani," yule mama akasema.

"Haswa," fundi akasema, na kwa majivuno yake yote akapandisha swichi.

Ikajikata. Mlio mmoja tu, ta!, nyumba nzima kimya. Akaipandisha tena, ikajikata tena. Niliwaangalia wale wanawake na sikupenda nilichokiona nyusoni mwao. Mama, aliyekuwa amesimama mlangoni, alishusha pumzi. Kaka akamshika mkono.

"Mama, twende," akasema. "Imekataa."

Lakini fundi alikuwa anacheka, mikono kiunoni.

"Tulieni. Kuran ilikuwa inatoroka miaka yote, leo imekamatwa. Ndiyo kazi ya hiyo swichi. Sasa tumtafute aliyekuwa anaitorosha."

Alilichomoa friji, akapandisha swichi, ikakaa. Akalichomeka, ikajikata. Basi tukalivuta friji wote, kaka naye akasaidia kwa kuwa hakuna mwanamume anayeweza kutazama wanawake wakivuta friji. Nyuma yake, chini, karibu na ile mashine inayonguruma, panya alikuwa ameula waya mpaka shaba ikabaki wazi, na shaba imelalia bati. Fundi akatuita mmoja mmoja tuione. Mama kiongozi akainama, akasema polepole, "Panya," kwa namna ambayo mtu hutaja jina la mwizi aliyemdhania mtu mwingine.

Fundi akaukata ule waya, akaweka mpya, akaufunika. Akapandisha swichi. Haikujikata. Friji likaanza kunguruma, na fundi akagusa mlango wake kwa bisibisi yake yenye kitaa kidogo ndani. Kitaa hakikuwaka.

"Bibi," akamwambia mama, "njoo ushike."

"Oya," mama akasema, akikataa kwa lugha yetu. "Bado."

Akatoka. Nilidhani anakwenda kwenye gari. Akarudi na ndoo na tambara. Akapiga magoti mbele ya friji, akadeki pale penye vumbi letu, akadeki kwa maji mengi kuliko siku zote, mpaka sakafu ikawa kama ziwa dogo jekundu. Kisha akasimama katikati ya maji, peku, nguo za safari zimelowana pindo, akanyoosha mkono akashika mpini wa friji.

Akaushika. Akaendelea kuushika. Akabadilisha mkono, akashika na wa pili, akashika kwa yote miwili kama mtu anayemsalimia mgeni aliyetoka mbali. Uso wake ulikuwa hauna kitu, kisha taratibu ukawa na kitu.

"Ego," akasema, yaani ndiyo. "Limenyamaza."

Akafungua mlango mwenyewe. Akatoa dawa yake mwenyewe, akakaa kwenye kiti, akapandisha gauni kidogo akachoma sindano ya asubuhi ambayo kwa mambo yote yale alikuwa hajaichoma. Aliirudisha chupa mlangoni, kando ya mayai, akafunga. Nilitaka kupiga kigelegele, na kwa kuwa ni nyumba yangu nikakipiga. Wale wanawake wakanipokea. Mama kiongozi akaingia majini na nyayo zake tupu akashika mpini, akacheka kwa sauti yake ya ng'ambo ya mto, na wenzake wakapanga foleni nyuma yake, kila mmoja akitaka kulishika friji lililonyamazishwa. Fundi alisimama pembeni akipokea pongezi kama bwana harusi, na mimi nilizipokea zangu bila aibu yoyote. Tulilivuta jiko nje, nikapika chai, na wageni waliokuja kuiombea nyumba wakaiombea kweli, kwa furaha, wakimshukuru Mungu hata kwa chumvi.

Kaka alikunywa chai yake amesimama. Si mtu mbaya. Alikuwa amesafiri kuja kuokoa mama, na sasa hakujua afanye nini na mikono yake. Mwishowe akaweka kikombe.

"Mama, mizigo iko garini," akasema. "Dereva anasubiri."

"Ishushe," mama akasema. Akatazama uani kupitia mlango, pale nyuma ambapo mimi huwa naanika nguo. "Na ukija tena, uniletee miche ya migomba."

Kaka akanitazama, nami nikamtazama. Kambini tulipanda mchicha, tulipanda maharage, vitu vya kuvuna kabla hujaambiwa uondoke. Kitahana migomba ni ya wakwe zake kaka. Mgomba hupandwa na mtu anayejua kwamba atakuwepo ukizaa, na watoto wake watakuwepo ukichipua. Katika maisha yake yote mama hakuwahi kupanda hata mmoja.

Kaka aliinamisha kichwa kidogo, kisha akakiinua, na macho yake yalikuwa yamejaa.

"Nilete mingapi, mama?" akauliza.

"Jaza gari," mama akasema.